Gari la kubonyeza kitufe: funguo yake inafanyaje kazi, na ufanye nini ikigoma?

Mnaenda stendi ya Misuna, Singida mjini. Mwenzako anawahi basi la asubuhi la Dar es Salaam. Yeye ndiye aliyefungua gari nyumbani, funguo akaitia kwenye mkoba, wewe ukakaa kwenye usukani na kubonyeza kitufe. Mnafika, anashuka, mnaagana.

Unapoondoka gari linalia pii-pii-pii. Kwenye dashibodi kunatokea maandishi ya Kijapani. Unadhani mlango haujafungwa vizuri, unaufunga tena, unaendelea hadi sokoni. Unapaki na kuzima injini.

Ukirudi na mizigo, gari haliwaki. Funguo bado ipo kwenye mkoba, mkoba upo kwenye basi, na basi limeshapita Ikungi.

Gari halijaharibika. Limefanya kile ambacho lilitengenezwa kufanya, na zile kelele pale stendi zilikuwa zinakuambia kwamba funguo imeshuka.

Magari ya kubonyeza kitufe sasa ni ya kawaida Tanzania. Mengi yanatoka Japani yakiwa yameshatumika, kwa sababu Wajapani nao wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi. Utayaona kwenye Toyota Crown, Mark X, Harrier na baadhi ya IST, kwenye Nissan X-Trail, Subaru Forester, Mazda CX-5 na mengine mengi. Shida ni kwamba kitabu cha maelezo, kama kimekuja, ni cha Kijapani, na onyo linalotokea kwenye dashibodi nalo ni la Kijapani.

Haya ndiyo mambo ya msingi ambayo kitabu hicho kingekuambia, na mengine ambayo kisingekuambia.

Kwa ufupi

- Ndani ya funguo moja kuna vitu vitatu: chuma, chipu na redio. Kila kimoja kina kazi yake.
- Betri ya funguo ikifa, redio ndiyo inayokufa. Chuma na chipu bado vinafanya kazi, kwa hiyo huna haja ya kuvunja kioo wala kuita gari la kuvuta.
- Gari linatambua funguo. Halimtambui mtu aliyeishika.
- Funguo ya pili itengenezwe wakati ya kwanza bado unayo.

Funguo moja, vitu vitatu

Wauza magari huiita smati kii. Kwa nje ni kiplastiki chenye vitufe viwili au vitatu. Ukiifungua unakuta:

Chuma. Funguo ndogo ya kawaida iliyofichwa ndani. Hutolewa kwa kusukuma kitufe kidogo pembeni na kuivuta. Kazi yake ni kufungua mlango wa dereva.

Chipu. Kipande kidogo kisichohitaji betri. Kinabeba utambulisho unaolipa gari ruhusa ya kuwaka.

Redio. Hii ndiyo inayotumia betri. Inafunga na kufungua milango kwa mbali, na ndiyo inayojibu gari linapouliza kama funguo ipo karibu.

Ukivitenganisha hivi vitatu kichwani, karibu kila tatizo la funguo linaeleweka. Tuanze na redio.

Unapobonyeza rimoti

Ukibonyeza kitufe cha kufungua, funguo inatuma ujumbe mfupi wa redio. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia masafa ya karibu megahezi 315. Ya Ulaya mengi hutumia karibu megahezi 433. Ndiyo maana rimoti ya gari la Ulaya inaweza kufanana kabisa na yako kwa sura, na isifungue gari lako la Japani hata ukiipeleka kwa fundi gani.

Teknolojia hii si ngeni. Renault Fuego ya Ufaransa ilikuwa na rimoti ya milango tangu mwaka 1982, ingawa ile ilitumia mwanga usioonekana kwa macho, kama rimoti ya televisheni. Ilibidi uielekeze kwenye gari. Redio haihitaji hivyo. Inapita hata ikiwa mfukoni.

Kwenye ujumbe huo kuna namba ya utambulisho na namba nyingine ya siri inayobadilika kila unapobonyeza. Funguo na gari vinajua mpangilio wa namba hizo. Mtu akiunasa ujumbe wako wa leo asubuhi na kuurudisha mchana, gari litaukataa kwa sababu namba hiyo imeshatumika.

Je, mtoto akichezea rimoti nyumbani na kubonyeza mara kadhaa gari likiwa mbali? Kwa kawaida hakuna shida. Gari limeandaliwa kukubali namba zilizo mbele kidogo ya ile ya mwisho kusikia. Akibonyeza mara nyingi mno, funguo na gari vinaweza kupishana, na hapo itabidi vioanishwe upya.

Chipu inayozuia injini

Sehemu ya pili inaitwa imobilaiza. Magari mengi yenye funguo ya kawaida ya kuzungusha pia yanayo, hata kama mwenye gari hajui.

Kwenye tundu la funguo, au nyuma ya kitufe cha kuwashia, kuna koili ya waya. Koili inatengeneza uga wa sumaku. Chipu ikifika sentimita chache kutoka hapo inapata umeme kidogo kutoka kwenye uga huo, inaamka na kutoa utambulisho wake. Kompyuta ya gari ikiridhika inaruhusu injini. Isiporidhika, injini haiwaki, au inawaka sekunde moja na kuzima.

Nchi za Umoja wa Ulaya zililazimisha kifaa hiki kwenye magari mapya kuanzia mwaka 1998, na wizi wa kuunganisha nyaya chini ya usukani ukawa mgumu sana.

Kwa hapa kwetu, jambo hili linaeleza kitu kinachowashangaza wengi. Unaenda kwa fundi wa funguo mwenye mashine ya kuchonga kando ya barabara. Anachonga funguo safi kabisa, mlango unafunguka, inazunguka hata kwenye swichi, lakini gari haliwaki. Fundi hajakosea. Amenakili chuma, chipu haimo.

Gari ndilo linalopiga hodi

Sasa kwenye smati yenyewe, ile ambayo huitoi mfukoni. Mercedes-Benz waliileta kwenye S-Class mwaka 1998, kisha kampuni za Japani zikaisambaza hadi kwenye magari ya kawaida.

Hapa mambo yanageuka. Kwenye rimoti ya kubonyeza, funguo ndiyo inayoanza kuongea. Kwenye smati, gari ndilo linaloanza:

1. Unashika kitasa au kubonyeza kitufe kidogo kilicho juu yake. Kuna magari ambayo hata kusogea karibu kunatosha.

2. Antena zilizo kwenye milango zinatoa ishara ya masafa ya chini, kati ya kilohezi 125 na 134. Ishara hii haifiki mbali. Kwenye Toyota nyingi ni kama sentimita 70 kutoka kwenye kitasa.

3. Funguo inaamka na kujibu kwa redio yake, ile ya megahezi 315.

4. Gari linatuma namba isiyotabirika, kama swali. Funguo inaipigia hesabu kwa kutumia siri iliyohifadhiwa ndani yake, na kurudisha jibu.

5. Gari nalo limepiga hesabu ileile. Majibu yakilingana, mlango unafunguka.

Yote haya yanaisha kabla hujamaliza kuvuta kitasa.

Ukikaa ndani na kubonyeza kitufe cha kuwasha, mazungumzo yanarudiwa, safari hii kwa antena za ndani. Gari linataka uhakika kwamba funguo ipo ndani. Haitoshi iwe mfukoni mwa mtu aliyeegemea mlango kwa nje. Ndiyo maana pia, kwa kawaida, gari linagoma kufunga milango ukisahau funguo kwenye kiti.

Kumbuka jambo moja kwenye hatua hizi, maana tutalirudia kwenye wizi: swali la gari linafika kama mita moja, lakini jibu la funguo linaweza kufika makumi ya mita.

Kwa nini injini haizimi funguo ikishuka?

Turudi Misuna. Kama gari linahitaji funguo, kwa nini lilikubali kuondoka?

Ni kwa ajili ya usalama wako. Chukulia betri ya funguo imekufa ukiwa unapanda Sekenke, au redio ya funguo imevurugwa kidogo na mitambo iliyo jirani. Injini ingezima palepale kwenye mlima, usukani ungekuwa mzito na breki zingepoteza msaada wa injini. Watengenezaji waliona hatari hiyo ni kubwa kuliko ya mtu kusahau funguo. Kwa hiyo injini ikishawaka, gari litalia na kuonyesha onyo, lakini halitazima.

Kwa hiyo ukisikia kelele mara tu baada ya mtu kushuka na mlango kufungwa, usizime gari. Simama pembeni ukiwa salama, injini ikiwa inaunguruma, na uliza funguo ipo kwa nani. Kama umeshaondoka na mtu bado yupo stendi, rudi. Ukizima tu, umekwama hadi funguo ifike.

Gari linapogoma: betri ipi imekufa?

Kuna betri mbili kwenye hadithi hii, ya funguo na ya gari. Watu wengi wanabadilisha isiyo na shida.

Ni betri ya funguo kama:

- Milango haijibu ukiwa mbali, lakini ukisogeza funguo karibu sana inajibu.
- Kitaa kidogo kwenye funguo hakiwaki au kinawaka kwa mbali.
- Ukiwa ndani, taa na honi vinafanya kazi vizuri, ila gari linasema halioni funguo.

Ni betri ya gari kama:

- Taa za ndani ni hafifu au hazipo kabisa.
- Honi haitoki au inatoka kinyonge.
- Ukibonyeza kitufe unasikia tik-tik-tik tu.

Kama ni ya gari, funguo yako haina kosa. Fungua mlango kwa chuma, fungua boneti, tafuta mtu wa kukubusti.

Betri ya funguo imekufa, uko njiani: fanya hivi

Umeshuka Manyoni kunywa chai, umerudi, mlango umegoma. Singida mjini bado ni zaidi ya kilomita 100.

Hatua ya 1: Toa chuma. Tafuta kitufe kidogo pembeni au nyuma ya funguo, kisukume, vuta chuma.

Hatua ya 2: Tafuta tundu. Lipo kwenye mlango wa dereva. Kama hulioni, angalia mwishoni mwa kitasa. Kuna magari ambayo limefichwa chini ya kifuniko cha plastiki kinachobanduliwa taratibu.

Hatua ya 3: Usiogope alamu. Gari linaweza kuanza kupiga kelele kwa sababu limefunguliwa kwa chuma. Litanyamaza likiitambua funguo.

Hatua ya 4: Gusisha funguo kwenye kitufe cha kuwashia. Kanyaga breki, hakikisha gia ipo P. Weka funguo yenyewe igusane na kitufe. Kwenye Toyota, gusisha upande wenye nembo. Subiri mlio au kitaa cha kijani, kisha bonyeza kitufe ndani ya sekunde chache. Gari litawaka.

Kinachotokea hapo ni kwamba koili iliyo nyuma ya kitufe imeiamsha chipu, na chipu haihitaji betri.

Njia hii ni ya Toyota, Nissan, Mazda, Subaru na Honda nyingi. Baadhi ya Nissan za zamani zina kitundu maalumu kwenye dashibodi cha kuchomeka funguo nzima. Magari mengi ya Ulaya yana sehemu yake pembeni ya usukani au kwenye kisanduku cha katikati.

Hatua ya 5: Nunua betri. Funguo nyingi zinatumia CR2032, nyingine CR1632 au CR2025. Namba imeandikwa kwenye betri ya zamani, kwa hiyo nenda nayo dukani. Namba mbili za mwisho ni unene: 32 ni milimita 3.2, na 25 ni milimita 2.5. Ukiweka nyembamba haitagusa vizuri, na utarudi kulekule.

Kubadilisha betri hakufuti siri iliyo ndani. Huhitaji kuprogramu upya, na mtu akikuambia ulipie programu kwa sababu umebadilisha betri tu, muulize vizuri.

Kwa nini betri inaisha haraka?

Toyota wanasema betri ya funguo hudumu mwaka mmoja hadi miwili, hata kama hubonyezi kitu. Sababu ni kwamba redio ya funguo inasikiliza muda wote ikisubiri gari lipige hodi.

Mambo yanayoimaliza mapema, au kuifanya ionekane mbovu wakati ni nzima:

- Kuilaza karibu na televisheni, kompyuta au chaja.
- Kuiweka mfuko mmoja na simu. Hapa mara nyingi tatizo ni mwingiliano tu. Itenganishe na simu, jaribu tena.
- Kuitundika karibu sana na gari nyumbani. Funguo na gari vinaitana usiku kucha, na betri zote mbili zinapungua.
- Kupaki karibu na mnara wa redio au mitambo mikubwa ya umeme. Sogea kidogo, au tumia chuma.

Kama gari limekaa wiki mbili bila kuguswa, baadhi ya Toyota hupunguza kazi ya antena ili kulinda betri, na mlango wa dereva pekee ndio unaofunguka kwa smati. Si ubovu. Likiwaka linarudi kawaida.

Na yale maandishi ya Kijapani kwenye dashibodi? Ukiona picha ya funguo, au maandishi yanayokuja kila ukizima gari, yapige picha na uyatafsiri kwa programu ya simu. Mara nyingi ni onyo kwamba betri ya funguo inaelekea kuisha, na mtu amelipuuza miezi miwili kwa sababu hakulielewa.

Wizi bila kuvunja kitu

Hapa ndipo ile tofauti ya mita moja na makumi ya mita inapoleta balaa.

Gari linaamini kwamba kama funguo imesikia swali, basi ipo karibu. Wezi wawili wanaweza kuliongopea. Mmoja anasimama karibu na gari na kifaa kinachopokea ile ishara dhaifu. Kifaa kinairusha kwa mwenzake aliyesimama nje ya ukuta wa nyumba yako, karibu na meza ulipoweka funguo. Funguo inasikia swali, inajibu kwa uaminifu. Jibu linarudi, mlango unafunguka, injini inawaka. Siri haijavunjwa popote. Umbali tu ndio umedanganywa.

Mwaka 2011 watafiti wa chuo cha ETH Zurich, Uswisi, waliijaribu mbinu hii kwenye aina 10 za magari ya kampuni 8. Zote zilikubali. Novemba 2017 polisi wa West Midlands, Uingereza, walitoa video ya kamera za ulinzi ikionyesha wezi wawili wakichukua Mercedes namna hiyo, kwa muda usiofika dakika mbili, mwenyewe akiwa ndani ya nyumba.

Njia nyingine ni mpya zaidi na haihitaji funguo kabisa. Mwaka 2022 mtafiti wa usalama wa kompyuta, Ian Tabor, aliibiwa Toyota RAV4 jijini London. Yeye na mwenzake Ken Tindell walifuatilia, na mwaka 2023 Tindell alieleza kilichofanyika: wezi walifikia nyaya zilizo nyuma ya taa ya mbele, wakachomeka kifaa kinachotuma ujumbe wa uongo kwenye mtandao wa nyaya wa gari, kwamba funguo sahihi ipo.

Njia ya tatu ni rahisi kuliko zote, na inafanya kazi hata kwa gari lenye rimoti ya kawaida. Mwizi ana kifaa kinachojaza kelele kwenye masafa ya rimoti yako. Unabonyeza kufunga huku unatembea, gari halisikii, wewe huangalii nyuma. Akishafika hahitaji ujanja mwingine, mlango upo wazi. Afrika Kusini wizi huu umesumbua sana kwenye maegesho ya maduka makubwa.

Ujilinde vipi?

Kinga nyingi ni za bei ndogo:

- Vuta kitasa kabla ya kuondoka. Ukifunga kwa rimoti, angalia taa ziwake na usikie milango ikijifunga. Kama gari lako ni la smati, mpe mwenzako funguo asogee hatua chache kwanza, maana ukivuta ukiwa nayo litafunguka.
- Usiweke funguo karibu na mlango wa mbele, dirisha au ukuta wa barabarani. Iweke katikati ya nyumba.
- Tumia mfuko unaozuia mawimbi, au kopo la chuma lenye mfuniko. Lakini lijaribu: weka funguo ndani, nenda nalo hadi kwenye gari, vuta kitasa. Gari likifunguka, mfuko au kopo hilo halifai.
- Izime redio ya smati usiku. Toyota nyingi za miaka ya karibuni zinaruhusu: shikilia kitufe cha kufunga, na hukohuko bonyeza cha kufungua mara mbili. Kitaa cha funguo kikimetameta mara nne, funguo imelala. Ukibonyeza kitufe chochote inaamka. Hii inaokoa betri pia.
- Ongeza kinga isiyotegemea redio. Kufuli la usukani au swichi ya siri inayokata umeme wa injini. Mwizi anayetegemea kifaa cha redio hawezi kufungua chuma.
- Ijue bima yako. Bima ndogo inamlipa mtu mwingine uliyemsababishia hasara, hailipi gari lako likiibiwa. Bima kubwa ndiyo inayogusa wizi, na kampuni inaweza kuuliza funguo zako zote zipo wapi.

Baadhi ya magari mapya yanapima muda ambao ishara inatumia kwenda na kurudi. Mawimbi ya redio yanasafiri sentimita 30 hivi kwa kila sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kwa hiyo mzunguko mrefu unagundulika. Funguo nyingine zina kihisi cha mwendo na hulala zikikaa mezani. Magari mengi ya zamani yanayoingia kwetu hayana kinga hizo, kwa hiyo kazi inabaki kwako.

Funguo moja ni hatari

Magari mengi yaliyotumika yanafika nchini na funguo moja tu. Mnunuzi anafurahia gari, hilo la funguo anasema ataliangalia baadaye.

Ukiwa na funguo moja inayofanya kazi, kuongeza ya pili ni kazi ya kawaida kwa fundi mwenye kompyuta ya kuprogramu. Anachomeka kifaa kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, gari linathibitisha funguo iliyopo, linasajili mpya.

Ukipoteza ile moja, habari ni nyingine. Hakuna funguo ya kulithibitishia gari kwamba wewe ndiye mwenyewe. Kwenye baadhi ya magari fundi analazimika kutoa kompyuta inayohusika, ile mafundi wanaiita kontroboksi, na kusoma au kufuta kumbukumbu yake. Ni kazi ya muda mrefu na gharama kubwa zaidi. Kama upo Mkalama au Kiomboi na fundi wa aina hiyo yupo Dodoma au Arusha, ongeza gharama ya kumleta fundi au kulivuta gari.

Unapotengeneza funguo:

- Nenda na kadi ya gari na kitambulisho. Fundi asiyekuuliza hata kimoja, jiulize anawatengenezea na kina nani.
- Linganisha masafa na namba iliyo kwenye kibao cha ndani cha funguo. Sura ya nje haitoshi.
- Uwe makini na smati iliyotumika kwenye gari jingine. Nyingi hazikubali kusajiliwa tena bila kusafishwa kwanza.
- Kama umenunua gari kwa mtu, mwambie fundi aangalie ni funguo ngapi zimesajiliwa. Ukiwa nazo mbili na kompyuta ikaonyesha tatu, futa zote na usajili zako upya. Ile ya tatu ipo mfukoni mwa mtu.
- Funguo ikipotea au kuibiwa, toa taarifa polisi, kisha ifutwe kwenye gari. Kutengeneza nyingine peke yake hakuizuii iliyopotea.

Maswali yanayoulizwa sana

Funguo imelowa maji, nifanyeje? Usibonyezebonyeze. Ifungue, toa betri, ikaushe kwa kitambaa na uiache kivulini ikauke kabisa. Hata redio ikifa, chipu mara nyingi inapona, kwa hiyo jaribu njia ya kuigusisha kwenye kitufe.

Naweza kuiacha kwenye dashibodi juani? Hapana. Joto la gari lililofungwa linaumiza betri na plastiki, na funguo iliyo ndani ya gari inaweza kumwashia mtu mwingine.

Mtoto anaweza kuliwasha? Akiikanyaga breki na kubonyeza kitufe huku funguo ipo ndani, ndiyo. Usimwache mtoto garini na funguo.

Gari langu ni haibridi na halitoi sauti, nitajuaje limezima? Aqua na Prius zinaweza kuwa zimewaka na zimetulia kimya. Angalia kwenye dashibodi: neno READY likiwepo, bado lipo kazini. Zima, kisha hakikisha skrini zote zimezimika kabla hujashuka.

Kabla hujafunga ukurasa huu

Toa funguo yako mfukoni. Tafuta kitufe cha kutolea chuma na uvute. Nenda nacho kwenye gari, ulijue tundu lilipo na uone kama linazunguka, maana tundu lililokaa miaka bila kutumika linaweza kuwa limejaa vumbi la Singida. Kisha toa betri ya funguo na uijaribu ile njia ya kugusisha kwenye kitufe.

Ni dakika tano. Likigoma, umeligundua nyumbani, mchana, fundi akiwa jirani.